Mwalimu Aliye Mama na Kengele ya Shule

Wasomaji wetu waliozaliwa katika miji ya pwani, ambao umri wao umekwisha pita nusu karne, wengi wao walisomeshwa herufi za kwanza na mwanamke. Hakuwa mwalimu wa serikali, wala hakuwa na cheti. Alikuwa mtu mzima wa mtaa, mke wa mtu na mama wa watoto, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa chuo. Watoto waliketi juu ya mikeka ukumbini, naye katikati yao akiwasikiliza mmoja mmoja, huku mwanawe mchanga amelala juu ya mguu wake na chungu cha mchuzi kinachemka jikoni. Alipohitaji kunyonyesha alinyonyesha. Alipohitaji kwenda kutazama chungu, alimweka mwanafunzi mkubwa mahali pake. Adhuhuri ilipokaribia watoto walitawanyika, na siku ya Ijumaa chuo hakikuwako.

Hatusemi kwamba chuo kile hakikuwa na kasoro. Bakora yake sisi wenyewe twaikumbuka. Tunalotaka kulionyesha ni kuwa kazi ya kufundisha na kazi ya kulea mtoto mchanga zilikaa katika nyumba moja, mikononi mwa mtu mmoja, kwa muda mrefu sana, na hapana aliyeona ajabu. Ilipokuja shule ya kengele, yenye saa ya kuingia na saa ya kutoka, ndipo kazi hizo mbili zilipotenganishwa, na mwanamke akaambiwa achague.

Leo mwalimu wa kike aamka kabla ya adhana ya alfajiri, na saa moja na nusu yampasa awe amesimama mbele ya mistari ya watoto uwanjani. Mwanawe wa miezi mitatu amemwacha kwa mama mkwe, au kwa jirani, au kwa msichana wa kazi ambaye mwenyewe bado ni mtoto. Saa nne maziwa yamejaa kifuani, naye ameshika chaki. Akisema aache kazi, nyumba yayumba, na shule yapoteza mtu aliyefunzwa kwa fedha nyingi na miaka mingi. Akisema aendelee vile vile kama alivyokuwa kabla ya kuzaa, mwili wake na mwanawe ndio walipao. Baina ya njia hizi mbili iko ya tatu, nayo ni kumpangia saa za kazi kwa namna inayomkubali mtoto. Habari ya njia hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza mwezi huu: jinsi inavyofanywa, inavyogharimu, na ni nani alipaye gharama hiyo.

Tutaanzia Uingereza. Shule zetu, kwa kengele zake na ratiba zake, zilitoka huko. Na tena huko jambo hili limekwisha pita katika mahakama, katika Bunge na katika hesabu za serikali kwa muda wa miaka mia moja, hata mambo yake yako wazi kwa kila atakaye kuyatazama.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia halmashauri nyingi za Uingereza zilikata shauri kwamba mwalimu wa kike akiolewa, kazi yake imekwisha. Baraza la London liliweka kanuni hiyo mwaka 1923. Haikuwa lazima awe na mtoto; ndoa peke yake ilitosha. Katika mji wa Poole, ulioko kusini, mwalimu mmoja aliyeolewa alipopewa barua ya kuachishwa kazi aliishtaki halmashauri ya mji. Halmashauri ilijitetea kwa hoja mbili: kwamba wajibu wa mke ni nyumba yake, na haiwezekani auangalie vema pamoja na kufundisha vema, na kwamba si haki yeye kushika kazi ilhali wako wasichana wengi wasioolewa wanaoitafuta. Jaji wa kwanza alimpa mwalimu haki yake. Halmashauri ikakata rufani, na mwaka 1925 Mahakama ya Rufani ikaipa halmashauri ushindi.

Katika hukumu ile liko jambo moja ambalo wanafunzi wa sheria hulisoma hata leo. Mmoja wa majaji, alipotaka mfano wa uamuzi wa kipuuzi kabisa ambao halmashauri yoyote haiwezi kuwa na mamlaka ya kuutoa, alimtaja mwalimu anayefukuzwa kwa sababu nywele zake ni nyekundu. Kumfukuza mwalimu kwa rangi ya nywele, basi, ni upuuzi ulio dhahiri. Kumfukuza kwa kuolewa, mahakama hiyo hiyo iliona kuwa ni jambo la busara. Wala tusiwacheke sana Waingereza wa siku zile, kwani zile hoja mbili za Poole twazisikia barazani kwetu mpaka hivi leo, tena zikisemwa na watu ambao binti zao wasomeshwa na walimu walioolewa.

Baraza la London liliifuta kanuni yake mwaka 1935. Vita vya Pili vilipowachukua walimu wanaume, wanawake walioolewa wakaitwa warudi darasani, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 ikaweka kwamba mwanamke asizuiwe kazi ya ualimu, wala asiachishwe, kwa sababu ya ndoa tu. Baada ya vita watoto wakazaliwa kwa wingi, shule zikajaa, na mapema katika miaka ya 1960 serikali ikawa yawaomba walimu waliokwenda kulea watoto warejee, hata kama ni kwa sehemu ya wiki. Hapo ndipo kazi ya sehemu ya wiki ilipopata heshima katika shule za nchi ile. Yafaa tuangalie vema: mlango ule haukufunguliwa na huruma. Upungufu wa walimu ndio ulioufungua, na wanawake wale wale walioambiwa kuwa hawawezi kuangalia nyumba na darasa kwa pamoja ndio walioombwa waje kuliokoa darasa.

Sheria zilizofuata tutazipitia kwa haraka. Kanuni za mwaka 2000 zilikataza mtu afanyaye kazi sehemu ya wiki kutendewa vibaya kuliko mwenziwe wa wiki nzima. Tangu Aprili 2003 mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka 6 alipata haki ya kumwomba mwajiri wake abadilishiwe saa. Mwaka 2014 haki hiyo ilienezwa kwa wafanyakazi wote, kwa sharti ya kuwa wametumika wiki 26. Na tangu Aprili 2024 sharti hiyo nayo imeondolewa, hata mtu aweza kuomba siku yake ya kwanza kazini. Mwajiri atakiwa kujibu kwa muda wa miezi miwili, na kabla ya kukataa hana budi kushauriana na mwombaji. Lakini ni haki ya kuomba, si haki ya kupewa. Sheria imetaja sababu 8 ambazo mwajiri aweza kukataa kwazo, kama vile gharama, au kutoweza kuigawanya kazi kwa wengine, au kuharibika kwa ubora wa kazi. Mwalimu mkuu asiyetaka kutaabika na ratiba hakosi kuipata mojawapo.

Na matokeo yake je? Katika shule za serikali za nchi hiyo karibu robo ya walimu hufanya kazi kwa sehemu ya wiki, na wengi mno kati yao ni wanawake. Hata hivyo katika mwaka wa masomo wa 2022-23 wanawake zaidi ya 9,000 wenye umri wa miaka 30 hadi 39 waliziacha shule hizo. Hapana kundi jingine lililotoa watu wengi kuliko hilo. Si wote walioacha kwa ajili ya watoto, hilo lieleweke. Lakini umri huo ndio umri wa kulea, tena ndio umri ambao mwalimu amekwisha kuwa mwalimu kweli kweli. Aliyeanza kazi akiwa na miaka 23, afikapo 33 anajua kulituliza darasa kwa kulitazama tu. Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa kutangaza nafasi gazetini. Hutengenezwa kwa miaka kumi.

Sasa tuingie ndani ya shule tuone kazi yenyewe inavyogawanywa, kwa kuwa watu wengi hubishana juu ya jambo hili bila ya kulijua.

Katika shule ya msingi, ambako mwalimu mmoja hushika darasa moja kwa masomo karibu yote, njia iliyozoeleka ni walimu wawili kugawana darasa. Mmoja ashika Jumatatu na Jumanne, mwingine Alhamisi na Ijumaa, na Jumatano huigawana, au hukutana siku hiyo kukabidhiana. Likifanywa vema, darasa lapata vichwa viwili na mioyo miwili, na mmoja akiugua mwenziwe alijua darasa. Likifanywa vibaya, mtoto huambiwa Jumatatu asome hivi na Alhamisi asome vile, na mzazi akija kuuliza habari za mwanawe kila mwalimu humwelekeza kwa mwenziwe. Tofauti ya hali hizi mbili mara nyingi ni daftari moja la makabidhiano na nusu saa ya mazungumzo. Nusu saa hiyo yapasa ilipwe mshahara. Walimu wengi huifanya bure, kwa simu, usiku, watoto wakiisha kulala.

Shule ya sekondari ni habari nyingine. Huko mwalimu hufundisha somo moja kwa madarasa mengi, na ratiba yake ni kama wavu: ukivuta uzi mmoja wavu wote wasogea. Mama aliyeomba siku 3 kati ya 5 aweza kukubaliwa kwa barua nzuri, kisha akaletewa ratiba yenye vipindi viwili Jumatatu, kimoja Jumanne, vitatu Jumatano, na kadhalika mpaka Ijumaa. Ahudhuria siku tano, nauli ya siku tano, malipo ya mlezi wa mtoto ya siku tano, na mshahara wa siku tatu. Kwa hiyo idadi ya saa yenyewe si kitu kikubwa. Kitu kikubwa ni saa hizo zimekaa wapi katika wiki, na aliyeshika kalamu ya ratiba ana uwezo juu ya nyumba ya mwalimu kuliko waziri.

Liko na jambo la pili, nalo limefichika zaidi. Shule za huko zinazofuata masharti ya serikali huhesabu kazi ya mwalimu wa wiki nzima kuwa ni saa 1,265 kwa mwaka, katika siku 195. Hizo ndizo saa ambazo mwalimu mkuu aweza kumwamuru awe mahali fulani akifanya jambo fulani. Lakini masharti yayo hayo yasema kuwa mwalimu atafanya pia saa nyingine zote zinazohitajika ili kazi yake itimie: kusahihisha, kutayarisha masomo, kuandika ripoti. Saa hizi hazina hesabu. Basi mama akipunguziwa kazi kuwa sehemu 3 kwa 5, mshahara wake wapungua barabara, 100 zinakuwa 60, bila kosa hata la senti moja. Lakini madaftari hayajui kuhesabu sehemu za tano. Siku yake ya mapumziko yageuka kuwa siku ya kusahihisha, mtoto akicheza miguuni pake. Walimu wengi wa huko wamekiri kwamba walinunua, kwa mshahara wao wenyewe, siku ya kumaliza kazi ambayo wenzao huimaliza kwa malipo.

Kisha cheo. Aliyekuwa mkuu wa idara huambiwa kwa upole kwamba idara haiwezi kuongozwa na mtu asiyekuwapo Ijumaa. Ziko shule zilizothubutu kuwapa walimu wawili ukuu wa shule kwa pamoja, na mambo yakaenda, lakini ni chache. Na pensheni hufuata mshahara. Kupunguza leo ni kupunguza uzee. Mwaka 2016 mwalimu mmoja aitwaye Emma Sheppard alianzisha chama cha walimu walio wazazi, kinachoitwa Maternity Teacher Paternity Teacher Project, ili mtu akiwa katika likizo ya uzazi asikatike na kazi yake, na ili ajue namna ya kuomba na namna ya kujibu akikataliwa. Tumelitaja jina hilo kwa ajili ya neno la pili lililomo, ambalo ni la baba, nalo tutalirudia.

Turudi kwetu. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwanamke siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijaliwa pacha. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, humpa miezi mitatu. Siku 84 ni wiki 12. Waganga nao, kwa kauli ya Shirika la Afya Duniani, wasema mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa muda wa miezi 6. Kati ya wiki ya 12 na mwezi wa sita pana shimo, na katika shimo hilo ndimo anamotumbukia mwalimu wetu pamoja na mwanawe. Haki ya mama kuomba siku tatu badala ya tano, kama ile ya Waingereza, hatuikuti katika sheria hizi mbili.

Lakini iko haki moja katika ile ya Tanzania ambayo twaona ajabu kwamba walimu wengi hawaijui, au waijua na hawaitumii. Sheria yamwamrisha mwajiri kumruhusu mama anyonyeshaye kumnyonyesha mtoto wake katika saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Saa mbili! Kwa karani wa ofisini ni jambo jepesi, atoka na kurudi. Kwa mwalimu haiwezekani kutoka katikati ya kipindi na kuwaacha watoto 70 peke yao. Basi haki hiyo kwake ni wino tu, isipokuwa ratiba yake imetengenezwa tangu mwanzo wa muhula ili saa zile mbili zipatikane. Na hapo haihitajiki sheria mpya, wala fedha ya serikali, wala ruhusa ya wizara. Yahitajika kalamu ya mwalimu wa taaluma.

Twasema haya kwa kuwa tumeyaona. Katika mji mmoja wa mkoa wa Tanga twamjua mwalimu wa Hisabati wa shule ya sekondari, mama wa watoto watatu, ambaye likizo yake ya mtoto wa tatu ilipokaribia kwisha aliandika barua ya kuacha kazi. Mume wake ana duka dogo la vifaa vya umeme. Mama mkwe, aliyewalea wale wawili wa kwanza, miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Alikwenda na barua yake kwa mwalimu mkuu, mwanamke mtu mzima.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Barua hii umemwonyesha mumeo?”

“Bado, mama. Nilitaka kwanza nisikie kwako.”

“Basi hujaileta. Irudishe mkobani, niachie siku tatu na huyu mwalimu wa taaluma.”

Katika siku tatu zile ratiba ilifumuliwa. Vipindi vyake vya asubuhi vilikusanywa mpaka saa nne na nusu, na vya mchana vikaanza saa sita na nusu. Nyumba yake haikuwa mbali na shule, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na hilo twalikiri kuwa ni bahati ambayo si ya kila mtu. Lililokuwa gumu zaidi ni zamu. Wasiowahi kufundisha hawaijui zamu: wiki nzima mwalimu hufika kabla ya wanafunzi wote na kuondoka baada ya wote, asimamie usafi, chakula, wachelewaji na wagonjwa. Kwa mama anyonyeshaye, wiki ya zamu huvunja yote yaliyojengwa na ratiba. Kijana mmoja mwalimu wa Jiografia, ambaye alikuwa bado hajaoa, aliombwa azichukue zamu zake za muhula ule. Alikasirika, wala hatumlaumu. Alisema katika chumba cha walimu, na wote wakasikia, kwamba yeye hakuzaa na mtu, iweje abebeshwe mzigo wa uzazi.

Neno hilo ndilo linaloivunja mipango hii kila mahali, Uingereza na kwetu, na kulipuuza ni kosa. Mwalimu mkuu hakulipuuza. Kijana yule alikuwa na madarasa manne yenye mitihani ya kila mwezi. Ikakubaliwa kwamba mama atamsahihishia mitihani ya madarasa mawili, nyumbani, wakati mtoto amelala, na kwamba mwaka wa pili yake atazirudisha zamu zile moja kwa moja. Likaandikwa katika daftari la ofisi, na wote wawili wakatia saini. Tangu hapo hapakuwa na kisingizio cha hisani wala cha chuki.

Mama yule hakutoka bila hasara. Aliondolewa Kidato cha Nne, kwa kuwa darasa la mtihani lilitaka masomo ya ziada ya jioni. Kwa miaka mitano wasichana wa shule ile walikuwa wakimwona mwanamke akiwafundisha Hisabati ya mwaka wa mwisho. Mwaka ule hawakumwona. Alituambia kwamba hilo lilimuuma kuliko usingizi aliokosa, na sisi hatukuwa na la kumliwaza, kwa kuwa ni kweli.

Msomaji atauliza: kwa nini hakuomba apunguziwe kazi na mshahara, kama Waingereza, apate siku mbili nyumbani? Jibu limo katika karatasi ya mshahara. Mwalimu wa kwetu mara nyingi mshahara wake umekwisha fungwa na makato ya mkopo wa kujengea nyumba au wa kumsomesha ndugu. (Habari ya riba iliyomo katika mikopo hiyo ina mahali pake, hatuiingilii hapa.) Kwa mtu wa namna hiyo 100 zikiwa 60, na makato ni 40, kinachobaki hakitoshi hata nauli. Kwa sababu hiyo twaona kwamba jambo lifaalo kwetu kwanza si kupunguza saa bali kuzihamisha. Atakayeweza kupunguza, na awezeshwe. Lakini walio wengi watapona kwa kuhamishiwa vipindi, kubadilishana zamu, na kuruhusiwa kutayarisha maandalio ya somo nyumbani badala ya kukaa chumba cha walimu mpaka saa tisa bila kipindi.

Katika shule zilizojaa watoto za Unguja na Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi madarasa yamekuwa yakipokezana, wengine asubuhi na wengine mchana, imekuwako tayari nafasi ya kumweka mama upande mmoja wa siku. Twajua kwamba mikondo hiyo miwili ni shida ya upungufu wa madarasa, na kila mtu angependa iishe. Maadamu ipo, yafaa asiyekuwa na mtoto mchanga asipewe asubuhi kwa upendeleo huku mwenye mtoto akirudi magharibi.

Limebaki la nyumbani, na hapa twasema na waume. Sura ya Al-Baqara, katika aya yake ya 233, imeweka miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha; ikamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama; ikakataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe, wala baba kwa ajili ya mwanawe; na hata kumwachisha mtoto ziwa ikakufanya kuwe kwa radhi na mashauri ya wote wawili. Watu wengi waijua nusu ya kwanza ya aya hii, wakaitumia kumwambia mke akae nyumbani. Ile ya mashauri hawaitaji. Tena yajulikana kwamba mshahara wa mke ni mali yake, na masurufu ya nyumba yako juu ya mume. Basi mke akipunguza saa zake ili kumlea mtoto wa wote wawili, na mshahara wake ukapungua, mume hana haki ya kumhesabia upungufu ule kama deni, wala ya kununa mwisho wa mwezi. Tumeona nyumba ambazo mke alikubaliwa na mwalimu mkuu akakataliwa na mume, kwa sababu fedha yake ilikuwa imekwisha pangiwa kazi bila ya kuulizwa.

Na kuna la baba lingine, lisilohusu fedha. Ratiba ya mama imepangwa, zamu imebadilishwa, lakini siku moja katika wiki kipindi cha kwanza hakikuhamishika. Mwalimu wetu wa Tanga alikuwa nacho Jumatatu. Mume wake alikuwa amezoea kufungua duka saa moja. Akaanza kulifungua Jumatatu saa mbili na nusu, akawa yeye ndiye amwoshaye mtoto na kumvisha na kumpeleka kwa bibi yake, ambaye kwa siku moja katika wiki miguu yake ilimudu. Majirani walisema waliyosema. Wateja wa saa moja walihamia duka jingine kwa muda, kisha wengi wao wakarudi.

Mtoto yule sasa amekwisha acha ziwa. Mama amerudishiwa Kidato cha Nne, na zamu zote alizodaiwa amezilipa. Saini za malipo zimo daftarini. Yule kijana wa Jiografia ameoa, mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi, nao wamejaliwa mtoto wa kike. Ratiba ya muhula huu ilipokuwa yatengenezwa alikwenda kwa mwalimu wa taaluma kabla ya watu wote, akaomba Jumanne na Alhamisi asipangiwe kipindi cha kwanza, kwa kuwa siku hizo yeye ndiye ampelekaye mtoto.